Namba za Chaki

Grrr. Kimya. Grrr tena.

Ilikuwa simu, juu ya kifuniko cha sufuria. Mama Pini alikuwa ameilaza pale makusudi, maana ikiwa juu ya godoro haisikiki, na ikiwa juu ya meza inamwamsha mtoto. Kwenye kifuniko inanguruma kama paka aliyeshiba, sauti ya kumtosha yeye peke yake. Alinyoosha mkono gizani, akapapasa mpaka akaipata. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika moja alfajiri, na dirisha lilikuwa bado jeusi.

"Waliopiga kura: 1 kati ya 63."

Aliusoma ujumbe mara mbili. Kura ilikuwa imefunguliwa dakika moja tu iliyopita. Ni nani huyo aliyekaa macho, kidole tayari, akingoja saa ifike? Programu haikusema. Haikusema nani, wala kachagua nini. Ilitaja idadi, basi, ikafunga mdomo. Mama Pini alitabasamu peke yake. Alipenda kitu kinachojua kunyamaza.

Alikuwa katibu wa ushirika wa mafundi cherehani, wanachama sitini na watatu, nyumba moja yenye vyumba vitatu, kazi ya sare za shule na mashuka ya hospitali. Nyumba ni yao wote, meza ni zao wote, na neno la mwenye cherehani mbili lina uzito uleule wa neno la anayeazima ya mwenzake. Wazo la kupiga kura kwa simu ni yeye aliyelileta. Jioni tatu kwa wiki, mwaka mzima na nusu, alikuwa akimbeba Pini mgongoni kwenda darasa la jioni, mtoto anakoroma, mama anajifunza kompyuta. Huko ndiko mwalimu alikowaonyesha programu ya vyama vya ushirika. Kila mwanachama anatumiwa namba ya siri yenye tarakimu sita. Anaingia kwa simu yake, au kwa kompyuta ya ofisini kama simu yake ni ya tochi, anachagua, kisha anapewa namba nyingine ya uthibitisho, kama tikiti ya dobi, ya kuja kuhakikisha kwamba kura yake imo kwenye hesabu. Akibadili mawazo kabla ya muda kwisha, anapiga upya, na ile ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Na hakuna anayeweza kuona nani kachagua nini, hata katibu, hata mwalimu, hata aliyeitengeneza.

Aliposikia hilo la mwisho, Mama Pini aliacha kuandika, akainua kichwa.

Katika ushirika wao viongozi walichaguliwa kwa siri, kwa vifungo vya nguo, cheupe ndiyo na cheusi hapana, ndani ya kopo la biskuti. Mambo mengine yote yaliamuliwa mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Na mikono ina macho yanayoitazama. Ukinyoosha mkono kumpinga aliyekufundisha kushika mkasi, kesho utaazima mkasi wa nani?

Swali la safari hii lilikuwa moja. Chumba cha mbele kibaki cha watoto, au kiwekwe mashine kubwa ya kukatia vitambaa? Mama Pini aliliandika swali hilo mara kumi na moja, akilifuta na kuliandika upya, mpaka likasimama wima bila kuegemea upande. Haikuwa rahisi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameegemea kwa uzito wake wote. Kabla ya chumba kile kupatikana, alikuwa akimfunga Pini kiunoni kwa ukanda wa kitambaa wenye urefu wa hatua tatu, na ncha ya pili ameifunga kwenye mguu wa cherehani. Hatua tatu, kwa sababu nne zilikuwa zinafika kwenye pasi. Baba yake Pini ni dereva wa lori, wiki mbili barabarani, siku mbili nyumbani. Bibi mzaa mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Chumba kikiondoka, naye anaondoka, na wenzake tisa wenye watoto wanaondoka, kila mmoja na kona yake ya kukaa akitazama ukuta.

Msimamizi wa kura alikuwa Bi Vifungo, na jina linajieleza. Miaka thelathini alikuwa ndiye anayehesabu vile vifungo vya kopo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa sauti ya chini, na hakuficha msimamo wake: yeye ni wa mashine. "Itakata suruali mia mimi nikiwa bado natafuta chaki," alisema mkutanoni, na nusu ya ukumbi ikacheka kwa kukubali. Mama Pini alidhani ataipinga na programu pia. Wapi. Walipokaa kuiandaa, Bi Vifungo alivaa miwani, akaitazama simu kama anavyolitazama koti la fundi mgeni.

"Upande wa juu nimeuona," alisema. "Nionyeshe upande wa ndani."

Akaijaribu kama mshono, akivuta huku na huku. Akapiga kura ya majaribio mara mbili, akaona imehesabiwa moja. Akaingiza namba ya uongo, ikamkatalia. Akazima simu katikati, akaiwasha, akakuta hakuna kilichopotea. Alipoambiwa kwamba jambo lolote kubwa linahitaji funguo mbili, wa katibu na wa msimamizi, na kwamba mmoja peke yake hawezi kugusa kitu, alivua miwani.

"Aliyeishona hii," alisema, "ameshaibiwa maishani."

Kwa fundi yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tangu siku hiyo Mama Pini alijikuta akimtazama Bi Vifungo kwa jicho jingine, ingawa kila asubuhi alikumbuka kwamba huyu ndiye anayetaka kumtoa kazini bila kujua.

Ijumaa mchana, siku ya pili ya kura, programu ilisema arobaini na moja. Mama Pini alimtoa Pini chumba cha watoto wakale pamoja. Mafundi wengi walikuwa nje kwenye kivuli na vyombo vyao vya chakula, cherehani zimenyamaza. Pini alikuwa na miaka minne na nusu, na mwezi ule alikuwa ameingiwa na ugonjwa wa namba. Alisoma namba za milango, za mabasi, za maboksi ya uzi. Walipokuwa wakipita katikati ya meza, Pini akasimama, akaweka kidole.

"Nne, saba, saba, mbili, tisa, moja."

"Vizuri, mwanangu. Twende."

"Na hapa. Moja, tano, sifuri, nane, nane, tatu."

Mama Pini alikuwa ameshapiga hatua mbili mbele. Akasimama. Akarudi.

Namba zilikuwa zimeandikwa kwa chaki, pembeni ya vipimo vya viuno na mikono, kwa mwandiko wa haraka. Tarakimu sita. Kiuno cha binadamu hakina tarakimu sita. Alitazama meza ya pili, na ya tatu: tarakimu sita tena. Alipaswa kujua. Fundi cherehani haandiki kwenye karatasi; karatasi inaenda na vipande vya vitambaa jioni inapofagiliwa. Kitu cha kukumbuka anakiandika mezani kwa chaki, mbele ya macho yake, tangu siku ya kwanza ya kufundishwa. Aliwaambia namba ni siri, wasimwambie mtu. Na kweli hawakumwambia mtu. Waliiandika tu.

Alihesabu meza kumi na tisa.

Mtu yeyote aliyepita pale tangu jana angeweza kuibadilisha kura ya mwenzake, kisha akaenda zake kunywa chai. Yeye mwenyewe angeweza. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Fundi Suti, yule aliyeipigia debe mashine kuliko wote, na namba yake imelala pale, nyeupe, imenyooka, chini ya kiuno cha inchi thelathini na nane. Simu ilikuwa mkononi. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo. Aliona ukanda wa hatua tatu, akauona na mguu wa cherehani.

"Mama, nisome nyingine?"

Aliitia simu mfukoni haraka, kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Hapana, mwanangu. Hizo hazisomwi."

"Kwa nini?"

"Ni za wenyewe."

Bi Vifungo alikuwa chumba cha nyuma, akihesabu mashuka ya hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo, kafa nani?"

"Hajafa mtu. Njoo uzione meza."

Alikuja. Alizipita moja moja, mikono nyuma. Kwenye meza ya mwisho alishusha pumzi puani.

"Kumi na tisa," alisema.

"Kumi na tisa."

"Umeona peke yako?"

"Mimi na Pini."

"Pini anajua kusoma?"

"Namba tu."

"Basi si ndizo zinazotakiwa?" Alimtazama mtoto, mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Kisha akamgeukia mama. "Ungeweza kunyamaza. Mimi ningejuaje?"

"Nilitaka. Nilisimama pale kwa Fundi Suti, simu mkononi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaja kwako."

Bi Vifungo hakumsifu wala hakumkemea. Alivuta kiti, akakaa. "Na programu yako inasemaje? Mshono ukipinda unafumuliwa, au nguo ndiyo inatupwa?"

"Unafumuliwa. Tunafuta namba zote za siri na kura zote zilizopigwa. Kila mtu anatumiwa namba mpya, tunaanza sifuri mpaka kesho saa kumi jioni. Lakini funguo ni mbili. Wangu na wako."

"Nikikataa?"

"Kura inabatilika. Katiba inasema jambo linarudi mkutanoni."

"Kwa mikono."

"Kwa mikono."

Wote wawili walijua maana yake. Bi Vifungo alikuwa amekaa mahali ambapo hakuhitaji kufanya lolote ili ashinde. Angeweza kutikisa kichwa tu, akarudi kwenye mashuka yake, na wiki ijayo mikono ingenyooka kama ilivyonyooka siku zote.

Akawa anachezea kifungo cha blauzi yake, akikizungusha.

"Mwaka wa tatu wa ushirika huu," alisema, "nilikuwa nahesabu kura za mwenyekiti. Dada yangu mkubwa alikuwa anagombea. Akashindwa kwa kifungo kimoja. Kwenye kopo kulikuwa na cheusi kimoja kimemeguka ukingoni, na mimi ndiye niliyevigawa. Nikakumbuka nilimpa nani. Shoga yangu, tuliyekuwa tunakula sahani moja." Alikiachia kifungo. "Sikumwambia mtu, wala yeye mwenyewe. Lakini sikuweza tena kumtazama kama zamani, na yeye akawa anauliza, nimekukosea nini? Amekufa hajui. Ndiyo maana kila uchaguzi nanunua vifungo vipya vya boksi moja. Watu wanasema Bi Vifungo anapenda vitu vipya."

Mama Pini akamshika Pini mkono.

"Lete hiyo simu," alisema Bi Vifungo. "Na ugeuke kule. Ufunguo wangu hauuoni."

Saa nane mafundi waliporudi kutoka kwenye kivuli, walimkuta Bi Vifungo na ndoo ya maji na kitambaa, anafuta meza. Zote, kutoka mlangoni mpaka ukutani, namba na vipimo pamoja.

"Bi Vifungo," aliita Fundi Suti, mtu mnene mwenye sindano tatu kifuani kama nishani, "hicho unachofuta ni kiuno cha bwana harusi."

"Utampima tena."

"Harusi ni wiki ijayo."

"Akiwa ameongezeka, utakuwa umeiokoa harusi."

Watu wakacheka, mpaka alipoweka kitambaa chini, na sura yake ikawatuliza. Aliwaeleza kwa maneno machache. Hakutaja meza ya nani. Alisema kura zote zimefutwa, na namba mpya zinakuja sasa hivi, na kwamba katibu ndiye aliyeliona kosa na kulisema, wakati kulificha kulikuwa rahisi. Mama Pini alitazama sakafu.

"Mimi nilisema," alisema Fundi Suti. "Mambo ya simu yanameza kura."

"Simu haijameza kitu. Ni wewe uliyeibandika siri yako mezani kama tangazo la msiba."

"Sasa tuziandike wapi? Kichwani mwangu kuna vipimo vya watu arobaini, hakuna nafasi."

Bi Vifungo alishika sketi yake kwa vidole viwili, akakunjua ukingo wake kidogo. "Pindo. Upande wa ndani, kwa chaki. Kura ikiisha unafua, namba imekwenda na maji. Atakayetaka kusoma yangu, aje aniombe ruhusa ya kunifunua."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alijifuta machozi kwa kipande cha sare.

"Mimi nimevaa suruali," alinung'unika Fundi Suti.

"Suruali haina pindo? Wewe ni fundi wa wapi?"

Simu zikaanza kulia, moja, tatu, kisha zote, kama ndege waliotupiwa nafaka. Mafundi wakatawanyika, huyu nyuma ya mlango, yule kwenye kona, wameinama kila mtu akijifunua ukingo wa nguo yake. Mama Pini alitazama kioo cha simu. Sifuri. Kisha, haijatimia hata dakika:

"Waliopiga kura: 1 kati ya 63."

Aliinua macho. Bi Vifungo alikuwa anatoka nyuma ya lundo la mashuka, anarudisha simu yake ya kioo mfukoni na kuinyoosha sketi. Mama Pini akakumbuka ule mngurumo wa alfajiri, juu ya kifuniko cha sufuria. Kumbe alikuwa yeye, gizani na miwani yake, akingoja mlango ufunguliwe ili awe wa kwanza kuingia. Hakumuuliza kitu. Hata moyoni hakujiuliza amechagua nini, au alijiuliza kidogo, akajizuia.

Jumamosi haikutaka kupita. Arobaini na nne, hamsini na moja, hamsini na tisa. Mama Pini alishona pindo moja la sare mara tatu na kulifumua mara tatu. Saa kumi jioni programu ilijifunga yenyewe, sitini na wawili kati ya sitini na watatu, na ikadai funguo mbili. Wakaingiza kila mmoja wake, mwenzake amegeuza uso. Mama Pini alisoma matokeo kwa sauti bapa, ile waliyofundishwa darasani kwa kusoma kumbukumbu, ili mtu asisikie moyo wake ndani yake.

"Kiwekwe mashine: ishirini na nane. Kibaki chumba cha watoto: thelathini na nne. Mmoja hakupiga kura."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja kijana karibu na dirisha alikaa tu chini, taratibu, kama aliyepunguziwa mzigo kichwani. Mwingine alimshika bega. Mama Pini aliitafuta karatasi ya namba za uthibitisho, akaibandika ukutani, sitini na mbili, zimepangwa, hazina jina. Watu wakasogea na tikiti zao za dobi. Fundi Suti alisukuma kifua mpaka mbele, akapitisha kidole chini kwa chini, midomo inatembea, akasimama.

"Nipo," alisema, kama mtu aliyejiona kwenye picha ya kundi. Akagonga ile namba kwa ukucha. "Nimeshindwa, lakini nipo."

"Na mashine?" aliuliza mtu.

"Ikae nyumbani kwako," alijibu. "Mkeo atapata wa kuongea naye."

Mama Pini aliponyoka, akaenda chumba cha mbele. Watoto wengine tisa walikuwa wamekwishaanza kuchukuliwa. Pini alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha, akipanga maboksi matupu ya uzi kwa namba zake. Mama yake alikaa sakafuni kando yake, akaegemeza kichwa ukutani. Alitaka kulia, na machozi hayakuja. Ulikuja uchovu tu, mtamu, wa mtu aliyefika.

Mlango ukafunguliwa. Bi Vifungo, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Usinyanyuke," alisema. "Nimekuja kupima dirisha. Kama chumba kimebaki, kibaki na pazia. Jua la mchana linawachoma hawa watoto, siku zote naliona."

"Mama," alianza Mama Pini, "nilikuwa nataka kukwambia..."

"Shika ncha hii."

Alishika. Bi Vifungo alipima upana, kisha akainama kupima kimo, chini kabisa ya dirisha, na alipoinama ukingo wa sketi yake uligeuka nje. Sketi ya bluu nzito. Chaki nyeupe. Tarakimu sita, zimeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyehesabu miaka thelathini, mbele ya uso wa Pini.

Kura ilikuwa imekwisha, na namba ile haikuwa na kazi tena. Mama Pini alilijua hilo. Hata hivyo moyo ulimpanda, kwa sababu mdomo wa mtoto ulikuwa umeshafunguka, kama unavyofunguka kila anapoiona namba popote duniani.

Ukajifunga. Pini alifumba macho kwa nguvu, uso mzima umekunjamana. Akanyoosha mkono kwa kupapasa, akalipata pindo, akalirudisha ndani polepole, kama anavyomfunika mdoli wake shuka. Bi Vifungo akageuka kuangalia nani anamvuta.

"Bibi, mimi sijaisoma."